Injini ya Kumbakizia Mtu

Benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha basi lililokwisha kufa, kimeegemezwa kwenye uzio wa kiwanja kidogo cha ndege, karibu na lango la hanga la kulazia ndege, pale ambapo Bibi Birika ameweka jiko lake la mkaa na vikombe vyake visivyofanana. Ukikaa katikati unazama, ukikaa pembeni springi inakuchoma, kwa hiyo kila mtu ana mahali pake na hakuna anayetamani pa mwenzake. Kushoto hukaa Breki, dereva wa lori, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna breki hata moja. Kulia hukaa Profesa, kinyozi, ambaye husoma magazeti ya zamani anayowawekea wateja wake na kuamini kila kilichomo, matangazo ya vifo pamoja. Spana, fundi wa injini za ndege, hakai kabisa; huegemea uzio akiwa na kitambaa cha oili begani, anakunywa kahawa kama mtu anayeitwa mahali. Na katikati, pale panapozama, hukaa Mawingu, rubani mstaafu mwenye ndege yake mwenyewe, ndogo, ya injini moja. Siku nyingine wangemtania kwa kuzama kwake. Siku hiyo hakuna aliyethubutu, kwa sababu Breki alikuwa amekuja na swali.

– Kreti moja au mbili? aliuliza hata kabla hajaikalia springi yake.

Kila mtu alielewa. Kesho yake asubuhi lori la Breki lilikuwa linapeleka injini ya ndege ya kunyunyizia dawa mashambani kwenye karakana kubwa, mbali sana, huko ambako injini hufumuliwa mpaka nati ya mwisho na kuundwa upya. Nafasi ya kreti ya pili, yenye injini ya ndege ya Mawingu, ilikuwepo. Safari nyingine kama hiyo ingepatikana lini, hata mwenye lori hakujua.

– Moja, akasema Mawingu.

– Mbili, akasema Spana.

– Nyie wawili mnacheza na mgongo wangu, Breki akalalamika. Kreti hubebwa na watu, haibebwi na mabishano. Kubalianeni.

Profesa aliliweka gazeti magotini, ishara kwamba baraza limefunguliwa.

– Tusikurupuke, jamani. Jambo hili lina kitabu. Mtengenezaji kasema injini ifunguliwe baada ya saa ngapi?

– Elfu mbili za kuruka, akajibu Mawingu. Na mimi sijafika. Zimebaki sabini na ushee.

– Basi mjadala umekwisha! Bibi, ongeza kahawa.

– Kitabu hicho hicho kinasema saa elfu mbili au miaka kumi na miwili, chochote kitakachotangulia, akasema Spana. Miaka ilishapita zamani, tena ilipita ikitupungia mkono.

– Mstari huo wa miaka wameuweka ili wauze vipuri.

– Umeusoma?

– Niusome wa nini? Mimi nanyoa watu. Mtu anayetaka kuniuzia kitu namjua kwa namna anavyoinamisha kichwa.

Breki hakuweza kungoja zaidi.

– Sikilizeni mtu wa barabara awaambie. Injini ya lori langu haijawahi kufunguliwa. Haijawahi! Nimekwenda nalo mpaka namba za kwenye dashibodi zimeisha zikaanza upya. Injini ni kama tumbo la mtu, ukishalipasua halirudi lilivyokuwa. Utasikia tu, leo hapa panauma, kesho pale panavuta.

– Lori likikuzimikia unasimama kando ya barabara unapiga simu, Spana akamwambia. Yeye ikimzimikia huko juu, akasimame kando ya nini?

– Kando ya wingu! Si ndiye Mawingu?

Wakacheka wote, na mwenyewe akacheka.

– Wahenga walisema... akaanza Profesa.

– Waache wahenga, Bibi Birika akamkata. Hawakuwa na ndege.

Akafuta mikono kwenye kanga, akaliinua birika lake juu ili kila mtu alione.

– Hili birika nje nalisugua mpaka linang'aa. Ndani siligusi. Ule weusi wa ndani ndio kahawa yenyewe. Kuna siku mtoto wa jirani alilisugua ndani kwa wema wake tu, maskini, wiki nzima mkawa mnakunywa maji ya moto na kunung'unika. Hamkununa?

– Tulinuna, wakakiri.

– Haya. Leo mnataka kuisugua injini ndani. Ladha yake ya kuruka itabaki wapi?

– Bibi umegusa sayansi bila kujua, Profesa akasema, macho yamemtoka. Chuma kina kumbukumbu. Nimesoma. Kuna rubani alifumua injini akaweka vyuma vipya vitupu. Ndege iliporudi ikakataa kupinda kushoto. Kushoto haitaki hata kusikia! Kwa sababu vile vyuma vya zamani ndivyo vilivyokuwa vinajua njia ya nyumbani.

– Alitua vipi sasa?

– Alipinda kulia, kulia, kulia, mpaka akafika.

– Gazeti gani hilo? akauliza Spana.

– Ukurasa wenyewe nilifutia wembe.

– Mimi nashauri ipimwe uzito, Breki akadakia. Injini iliyochoka hupungua, kama mtu. Tukiiona imekonda, inakwenda. Bado imenona, inabaki.

– Na ikiwa imevimba miguu? akauliza Bibi.

– Hiyo imeingia maji. Hiyo hatuipimi, tunaiombea.

Mawingu alicheka tena, lakini kicheko kiliishia kwenye meno. Aligeuza kikombe chake mkononi, akatazama kupitia matundu ya uzio mpaka ndani ya hanga, ambako ndege yake ilikuwa imefunikwa turubai, pua tu ndiyo iliyochomoza. Bibi Birika, aliyekuwa akimwangalia yeye na si mzaha, akauliza kwa sauti ya chini:

– Shemeji, hebu sema kweli. Hizo saa sabini unamwekea nani?

Hapo ndipo palipouma. Mawingu angeweza kusema hamwekei mtu, na wangemwachia, kwa maana benchi hilo lina adabu yake. Lakini siku hiyo alikuwa amechoka kunyamaza.

– Namwekea binti yangu, akasema.

Binti yake alijifunzia kuruka humo. Alianza angali mdogo wa umbo, haoni juu ya dashibodi, mama yake akamshonea mto wa kukalia, na mto huo ungali pale kwenye kiti cha kulia mpaka leo. Mama alipofariki, wakabaki watatu: baba, binti na ndege. Jioni nyingine walikuwa wanaruka bila safari yoyote, wanazunguka tu juu ya mashamba na mabati ya mji, hawasemezani, kwa kuwa injini ilikuwa inasema kwa niaba yao. Kisha binti akapata kazi ya kurusha ndege kubwa za mizigo, nchi ya mbali, ambako usiku wao ni mchana wa huku. Siku ya kuondoka walikuwa wametoka kuruka mara ya mwisho. Alisimama pale mbele ya hanga, mabegi miguuni, akaweka kiganja kwenye kifuniko cha injini kikiwa bado cha moto, akasema: "Baba, usiimalize yote. Nibakizie."

Alilisema vile mtu anavyosema akichelewa chakula cha mchana. Na Mawingu akafanya vile baba anavyofanya: akafunika sahani. Tangu siku hiyo ndege haikuruka. Saa sabini na ushee zilizobaki kabla ya injini kufunguliwa zilikuwa za binti, na yeye hakuwa mtu wa kuonja cha mtu. Alijua injini ile ndiyo iliyompandisha mtoto wake angani peke yake mara ya kwanza, yeye akiwa chini, ameshika uzio huu huu kwa vidole kumi. Ikifumuliwa ikawekwa vyuma vingine, itarudi ikiwa injini nyingine iliyoazima jina. Alitaka binti aikute ile ile. Alikuwa na hamu na mwanawe huyo kiasi kwamba asubuhi nyingine alikuwa anauma shuka, mtu mzima, na asione haya.

Alipomaliza kuwaeleza, maana aliwaeleza karibu yote, isipokuwa habari ya shuka, Breki alikuwa wa kwanza kusema, na alisema polepole.

– Basi kreti moja. Mimi sibebi kilichobakiziwa mtoto wa watu.

Spana akamwaga machicha ya kahawa chini.

– Kreti mbili, akasema. Na sababu yake ninayo siku nyingi, nimeshindwa kuitoa mdomoni.

– Itoe, akasema Mawingu.

– Mzee, injini haiishi kwa kuruka tu. Inaisha kwa kukaa. Ikiruka inapata moto, unyevu wote unakauka, na oili inarushwa mpaka huko juu kwenye kamshafti, ule mhimili unaofungua vali. Ikikaa, oili inateremka chini yote. Huko juu kunabaki utando mwembamba tu, huo ndio unaokinga kutu. Ukipotea huo...

– Lakini mimi siiachi hivi hivi! Mawingu akamkatiza, na ndani ya sauti yake kulikuwa na fahari kidogo. Kila asubuhi naifunua, naizungusha propela kwa mkono, taratibu, raundi kadhaa. Nasikia silinda zinapumua, moja baada ya nyingine. Ndiyo dawa yake hiyo. Isikauke, isigande.

Spana hakumtazama. Alikuwa anakikunja kile kitambaa cha oili, anakikunjua, anakikunja.

– Ukiizungusha kwa mkono oili hairuki, mzee. Haina kasi ya kuruka. Unachofanya ni kuufuta ule utando. Kila asubuhi unaufuta kidogo.

Mawingu alivitazama viganja vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. Aliiona kila asubuhi moja moja, ule ubaridi wa chuma, ile pumzi ya silinda aliyokuwa akiisikia akadhani ni shukrani.

– Na wewe uliniona, akasema mwishowe.

– Nilikuona.

– Kila siku.

– Kila siku.

– Mbona hukuniambia, Spana?

– Ulikuwa unakuja umenyoa, mzee, akasema Spana, na fundi huyu, ambaye hujisifu hata akifunga parafujo moja, aliongea kama anayeomba radhi. Umenyoa, na shati limepigwa pasi. Unaisalimia kwanza ndiyo unaifunua. Ningeanzia wapi?

– Kumbe ndiyo maana ndevu zako hazijawahi kufika kwangu, Profesa akanong'ona, na hakuna aliyecheka, wala yeye hakukusudia wacheke.

– Imeoza? akauliza Mawingu.

– Sijui. Labda ni madoa tu. Labda kamshafti imeliwa. Haiwezi kujulikana mpaka ifunguliwe. Ila kuiwasha hivi ilivyo siruhusu, kutu itasagika ienee injini nzima. Na kukuacha upande nayo wewe, au yeye...

Akakitupia kile kitambaa begani.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mmoja aliyekuwa akija kando ya uzio, kofia kichwani, mkoba begani, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa msoma mita za maji, mgeni katika mtaa huo, na miguu ilikuwa inamwomba kiti.

– Shikamooni wazee. Kahawa ipo?

– Marahaba mwanangu, akajibu Bibi Birika. Ipo ya mwisho. Kaa hapo kwa Profesa, ila usiegemee, kuna springi.

Akakaa, akapuliza kikombe, akawatazama mmoja mmoja.

– Mbona kimya hivi? Kuna msiba?

Breki akamweleza, na alimweleza kwa mtindo wake, bila kuvuta pumzi:

– Huyu mzee ana ndege, na ndege ina injini, na injini alimbakizia binti yake aliyeko mbali asiirushe mpaka arudi, kumbe kukaa ndiko kunakoiua, na kila asubuhi alikuwa anaibembeleza kumbe anaichubua, na mimi kesho nina lori, na hatujui kama ni kreti moja au mbili.

Msoma mita alikunywa funda moja, akafikiri.

– Mimi nikikuta mita haijasogea, huwa nagonga mlango kwanza, akasema. Sijiandikii tu. Wakati mwingine wenyewe wamo ndani. Akamgeukia Mawingu, bila ujeuri wowote, kama anayeuliza njia. Huyo binti, mzee wangu, anajua kama anabakiziwa?

Breki alifumbua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aitwe jina lake, breki zikashika. Profesa aliligeuza gazeti upande wa pili kana kwamba jibu lingekuwa huko. Bibi Birika akalitikisa birika lake. Lilikuwa jepesi.

– Kahawa imekwisha, akasema.

Walikuwa wanazungumza kwa simu kila Jumapili, baba na binti. Waliulizana habari za goti, za mvua, za umekula nini. Ndege hawakuitaja. Baba hakuitaja kwa sababu alitaka binti aje aikute, afunue turubai mwenyewe, aone. Na binti hakuuliza, na Mawingu alikuwa amejiambia kwamba haulizi kwa sababu anajua ipo. Sasa, mbele ya swali la mtu aliyekuja kunywa kahawa tu, sababu hiyo ilionekana ndogo mno.

Alijikwamua kutoka katikati ya benchi, akaitoa simu mfukoni, akasogea hatua chache. Pale kijiweni wote wakaanza kushughulika na mambo yasiyokuwepo.

– Baba? Leo si Jumapili. Kuna nini?

– Hakuna kitu, mwanangu.

– Nani anaumwa?

– Hakuna anayeumwa. Ni injini.

– Injini ya nini?

– Yetu.

Akasikia pumzi ya binti, karibu kabisa na sikio, karibu kuliko nchi aliyokuwepo.

– Baba, bado unayo?

– Ninayo.

– Mimi nilijua umeiuza. Ulivyoacha kuitaja, nikasema ameiuza na inamuuma, nisimtoneshe. Ndiyo maana siulizi.

– Ningeiuzaje? Ulisema nikubakizie.

– Nilisema nini?

– Nikubakizie. Siku ile unaondoka. Ulikuwa umeweka mkono juu yake.

Mawingu alijua, kabla hajaambiwa, kwamba binti hakumbuki.

– Baba yangu, binti akasema, na sauti yake ilikuwa inacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nasema hivyo hata kwa chai.

– Najua, akasema Mawingu, ingawa ndiyo kwanza alikuwa anajua.

– Inanguruma vipi siku hizi?

Alitaka kusema vizuri. Neno lilimfika ulimini. Alitazama hanga, turubai, ile pua iliyochomoza.

– Sijui, mwanangu. Sijaisikia tangu uondoke.

Huko upande wa pili mtu alikuwa akijaribu kutolia, na huku upande huu vilevile. Kisha binti akasema:

– Ifungueni, baba. Tafadhali.

– Itarudi si ile.

– Hata mimi nikirudi si yule. Utatupokea tu. Akavuta pumzi. Na ikirudi usinibakizie tena. Iruke. Nataka Jumapili unisimulie umefika wapi.

– Utarudi lini?

Swali hilo hakuwahi kumuuliza. Miaka yote hiyo alikuwa anajiambia kwamba mzazi mwenye adabu haulizi. Huko mbali kipaza sauti kiliita watu kwa lugha asiyoijua, mtu akamwita binti kwa jina la kazi, na binti akaziba simu kidogo, akaizibua.

– Nitakupigia Jumapili, baba.

– Haya, mwanangu.

Simu ilipokatika aliendelea kuishikilia sikioni, kidogo tu. Aliporudi, msoma mita alikuwa amesimama, anarudisha kikombe, anaaga. Breki akauliza akiangalia viatu vyake.

– Mzee, kreti?

– Mbili, akasema Mawingu.

Akapita langoni, akaingia hanga. Akaivua ndege turubai, kama kila asubuhi. Kiti cha kulia kilikuwa na mto wake. Mkono ukaenda wenyewe kwenye propela, pale pale ulipozoea, chuma kikiwa baridi, na bega likajiandaa kusukuma. Akauwahi mkono huo kwa mkono mwingine. Akasimama hivyo, mkono mmoja umeushika mwenzake, mpaka Spana alipoingia na mnyororo wa kushushia injini.